Konokono Hana Dhambi



Konokono wa majini hana dhambi. Anakula majani yake kandokando ya ziwa, basi. Lakini bila yeye kichocho cha tumbo hakisambai. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi cha mgonjwa, hufika majini, huanguliwa, kisha viluwiluwi humwingia konokono. Humo huzaliana kwa maelfu, wakatoka na kupenya ngozi ya yeyote aliyemo majini, awe mvuvi wa Ggaba au mtoto aliyetumwa maji. Dakika chache zinatosha.

Je, dhambi ni ya nani?

Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaonya juu ya kujisaidia mahali watu wanapochotea maji. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ametaja kauli ya Daud Adh-Dhahiri kwamba katazo linamhusu anayekojoa ndani ya maji tu. Akikojoa chomboni kisha akamwaga humo, au akakojoa kando, hakuna ubaya. Nawawi aliikataa kauli hiyo kwa maneno makali.

Sisi nasi tunaicheka darasani. Lakini miji yetu inaifuata. Hapa Kampala mvua ikinyesha, vyoo vya shimo vya mabondeni hufurika, na Mfereji wa Nakivubo hubeba uchafu wa jiji hadi Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Hakuna aliyeingia ziwani kujisaidia. Kila mtu anasema mikono yake ni safi.

Utaniambia: maskini asiye na choo afanye nini? Dharura humwondolea dhambi. Kweli, simlaumu. Ila dharura yake haiondoi madhara, na sheria yetu inataka madhara yaondolewe. Wajibu unahamia kwa wenye uwezo: serikali, mwenye nyumba za kupangisha, na sisi jamaa. Hiyo ndiyo faradhi ya kutosheleza: asipopatikana wa kuitekeleza, wote walioweza wanaulizwa.

Dawa ipo. Tangu 2003 Uganda imekuwa ikigawa prazikwanteli kwa wingi. Lakini dawa hiyo huua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini, haimkingi mtu anayerudi ziwani kesho. Kumtibu na kumwacha bila choo ni kazi nusu.

Tunapenda kuweka wakfu misikiti na visima, na jina la marehemu likaandikwa kwenye kibao. Sijaona bado kibao juu ya mlango wa choo. Kama sadaka yenye kuendelea hupimwa kwa manufaa yake kwa watu, choo kizuri cha umma, chenye shimo linalonyonywa kwa wakati, ni sadaka pia. Jumuiya yetu inapokusanya michango ya Ramadhani, tulijadili hilo.

Wallahu aalam.