Kinga na Uadui

Kinga ni neno jema na uadui ni neno baya, lakini mara nyingi mwanadamu hutenda la pili kwa jina la kwanza. Mtu akimfungia mgeni mlango husema kuwa anailinda nyumba yake. Mji ukimtenga mgonjwa husema kuwa unailinda afya ya watu wake. Taifa likimtuhumu msafiri kwa asili yake husema kuwa linailinda amani. Na matendo haya yanapodaiwa hoja, hoja moja huletwa mbele kuliko zote, kwa kuwa yaonekana haina jibu. Husemwa kuwa mwili wenyewe hukataa kila kilicho kigeni. Basi ikiwa maumbile yameufundisha mwili kumchukia mgeni, jamii itakosaje kufanya vivyo hivyo? Hoja hii yapasa kupimwa, maana mwili umeitwa barazani kuwa shahidi bila ya kuulizwa neno. Elimu ya seli, yaani elimu ya zile chembe hai ndogo ambazo viungo vyote vimejengwa kwazo, imemwuliza shahidi huyo kwa muda mrefu, na jibu lake si lile lililotazamiwa.

Katika Tanzania hapana mahali pengi ambapo swali hili huonekana mchana kweupe kama Tunduma. Mji huu wa Mkoa wa Songwe, mkoa uliogawanywa kutoka Mbeya mwaka 2016, umekaa juu ya mpaka wa Zambia, na ng'ambo yake ni Nakonde. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na mstari uliochorwa na wakoloni haukuweza kukata ukoo wao. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapa, na reli ya TAZARA pia. Shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka pwani; mafuta na bidhaa hupanda bara. Malori husimama katika misururu mirefu, na dereva hulala mjini akingoja karatasi zake zikamilike. Mji unaoishi kwa wageni hujua maana ya kusema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata hivyo, maradhi yanapoingia methali hiyo husahauliwa upesi. Mwezi wa Mei 2020, baada ya watu wengi kuonekana na virusi vya korona mjini Nakonde, serikali ya Zambia iliufunga mpaka huo kwa siku chache. Kufunga mlango kwa muda ili watu wapimwe kwaweza kuwa busara. Lakini nyuma ya busara hiyo ulikuja mnong'ono usiokuwa na busara, na katika njia kuu za Afrika Mashariki dereva wa lori akatazamwa kana kwamba yeye mwenyewe ndiye ugonjwa. Hilo halikuwa jambo jipya. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa katika Tanzania, mkoani Kagera, mwaka 1983, dereva na mhudumu wa baa wamebebeshwa katika miji ya njia kuu lawama ya msiba ambao wao walikuwa wa kwanza kuumizwa nao.

Sasa na aulizwe shahidi. Mwaka 1882, huko Messina katika Italia, mtaalamu wa Kirusi aitwaye Metchnikoff alichoma mwiba katika mwili mwangavu wa mtoto wa kiti cha pweza, na asubuhi yake akaona kwa hadubini kuwa seli zimeuzunguka mwiba ule. Alitambua kuwa mwili hauna kuta tu, bali pia una watumishi watembeao, wanaokwenda penye madhara na kuyameza. Kwa kazi hiyo alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1908. Baadaye Burnet wa Australia, katika fikra alizoziandika mwaka 1949, alieleza kuwa kazi ya kinga ni kupambanua kilicho cha mwili na kisicho cha mwili. Fikra hiyo ilifungua njia kubwa, akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Medawar mwaka 1960. Lakini maneno yake, yalipotoka katika maabara na kuingia barazani, yalifupishwa yakawa haya: cha kwangu ni chema, cha mgeni ni kibaya. Mwili haukusema hivyo.

Kama mwili ungemchukia kila mgeni, hapana mtu ambaye angekula akaishi, kwa kuwa chakula chote ni kigeni. Bakteria wasiohesabika hukaa katika utumbo wa mtu mzima, wakisaidia kumeng'enya chakula na kuwazuia wengine walio wabaya wasipate mahali pa kukaa. Mtoto aliye tumboni hurithi nusu ya asili yake kwa baba, na kwa nusu hiyo ni mgeni katika mwili wa mama. Lakini mama humlea kwa miezi 9 wala kinga yake haimtupi nje. Basi ugeni peke yake si kosa mbele ya mwili. Afisa wa forodha wa Tunduma hufanya kazi kwa kanuni iliyo karibu na hiyo. Yeye haulizi kama mzigo ni mgeni, maana kila mzigo upitao hapo ni mgeni. Huuliza umebeba nini.

Namna seli zinavyouliza ni ya ajabu. Karibu kila seli ya mwili huonyesha juu ya uso wake vipande vidogo vya protini zilizomo ndani yake, mfano wa msafiri aliyeshika cheti chake mkononi. Seli za kinga ziitwazo seli za T hupita zikisoma vyeti hivyo. Kabla ya kupewa kazi hiyo, seli hizo hupelekwa chuoni, nacho ni tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Humo hujaribiwa: ile isiyoweza kusoma hufa, na ile iushambuliayo mwili wake wenyewe huondolewa. Zaidi ya seli 9 katika kila 10 hazifuzu. Wala ile iliyofuzu hairuhusiwi kupigana kwa sababu tu imeona kitu isichokijua. Hungoja shahidi wa pili: seli nyingine, yenye matawi, iliyotoka penye jeraha na kuona dalili za madhara, sharti itoe ishara yake. Ishara hiyo isipotolewa, seli ya T hunyamaza. Mwili, kama kadhi mwema, hauhukumu kwa ushahidi wa mtu mmoja.

Tena ziko seli za T ambazo kazi yao si kupigana bali kuwazuia wapiganaji. Sakaguchi wa Japani alizibainisha mwaka 1995. Na mwaka 2001 Brunkow na Ramsdell, wa Marekani, walionyesha katika panya chembe ya urithi ambayo ikiharibika kinga huugeukia mwili wake na kuuangamiza. Watatu hawa walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2025. Na vita vinapokwisha, seli nyingi zilizopigana hufa kwa utaratibu, zikabaki chache tu za kuhifadhi kumbukumbu. Kinga isiyojua kunyamaza, na askari asiyejua kuweka silaha chini, ni hatari ile ile.

Hatari hiyo huonekana katika maradhi. Kisukari cha aina ya kwanza hutokea kwa sababu seli za kinga huziua seli za kongosho zitengenezazo insulini. Hapo hapana mgeni yeyote wa kulaumiwa, na methali ya kikulacho ki nguoni mwako hupata maana yake kamili. Katika janga la korona, wagonjwa wengi waliozidiwa hawakuumizwa na virusi peke yake, bali pia na ghadhabu ya kinga yao wenyewe katika mapafu. Mwezi wa Juni 2020 majaribio yaliyofanywa Uingereza yalionyesha kuwa deksamethasoni, dawa inayoituliza kinga, ilipunguza vifo kwa theluthi moja hivi kwa wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Kwa wale wasiohitaji oksijeni dawa hiyo haikuleta faida. Fundisho lake ni kuwa hasira ya ulinzi yaweza kuua, na kuituliza huponya penye ziada, wala si kila mahali.

Kwa upande mwingine, ulinzi ukianguka mwili pia huanguka, na jambo hili latosha kuwajibu wale ambao wangependa kusema kuwa milango yote iachwe wazi. Virusi vya UKIMWI huzishambulia seli za T zenye alama iitwayo CD4, ambazo ndizo ziitazo na kuziongoza seli nyingine. Katika mtu mzima mwenye afya huwamo seli hizo 500 au zaidi katika mikrolita moja ya damu. Zikishuka chini ya 200, maradhi ambayo jana yalikuwa dhaifu huwa na nguvu za kuua. Lakini waganga walikuwa wakiona fumbo moja: kifua kikuu hakingoji seli hizo zipungue sana, bali humshika mgonjwa mapema kuliko maradhi mengine mengi. Kwa nini?

Sehemu kubwa ya jibu ilitoka katika nchi hii hii ya kusini-magharibi. Kuanzia mwaka 2000, katika Mkoa wa Mbeya, wakati Songwe ilipokuwa bado sehemu yake, wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa za kandokando ya barabara kuu walikubali kufuatiliwa na watafiti kwa miaka kadhaa na kutoa damu yao. Kwa damu ya wanawake wa kundi hilo, Geldmacher na wenzake walionyesha mwaka 2008 kuwa mara baada ya virusi kuingia, seli za CD4 zinazokumbuka kifua kikuu hupungua mapema. Mwaka 2010 walieleza sababu. Seli zinazokumbuka virusi vya sitomegalo, ambavyo watu wengi huishi navyo, hutoa kwa wingi protini inayoketi juu ya tundu lile lile ambalo virusi vya UKIMWI hutaka kuingilia, zikajifungia mlango. Seli zinazokumbuka kifua kikuu hutoa protini hiyo kidogo mno. Mlango wao hubaki wazi, nazo huambukizwa kwanza na kufa kwanza.

Yafaa kutulia hapa kidogo. Watu walikuwa wakiuliza, ni nani mwovu aliyeleta maradhi haya? Nao walionyesha kidole kwa mhudumu wa baa. Elimu ya seli iliuliza, ni mlango upi uliokuwa wazi, na kwa nini? Swali la kwanza lilizaa aibu, na aibu ikawaficha wagonjwa, na wagonjwa waliofichwa hawakupata dawa. Swali la pili lilizaa maarifa yanayosaidia kujua kwa nini mtu mwenye virusi achunguzwe kifua kikuu mapema. Tena maarifa hayo hayakutoka kwa walaumu. Yalitoka katika mishipa ya walaumiwa. Mwanamke aliyeitwa hatari kwa jamii alinyosha mkono wake ili jamii ijue siri ya hatari yake yenyewe. Deni hilo halijalipwa kwa heshima inayostahili.

Mwenye kufikiri aweza kupinga na kusema kuwa maumbile si mwalimu wa maadili. Mwili hufanya ufanyavyo bila ya wema wala ubaya, na mtu akichukua desturi za seli akazifanya sheria za watu aweza kupotea vibaya. Seli husahihisha makosa kwa kuua, na jamii haina ruhusa hiyo. Pingamizi hili ni la haki, na yapasa kukubaliwa lote. Lakini likikubaliwa, humpiga kwanza yule aliyemleta shahidi. Ikiwa mwili hauwezi kuifundisha jamii ukarimu, hauwezi pia kuifundisha chuki. Na ikiwa mtu atashikilia kuwa wafundisha, basi na asikilize fundisho lote: kwamba ugeni si hatia, kwamba hukumu yahitaji shahidi wa pili, kwamba mlinzi hufunzwa kabla ya kupewa silaha, na kwamba vita vina mwisho. Kwa njia zote mbili hoja ya chuki hukosa mguu wa kusimamia.

Linalobaki ni wajibu, nao hautoki katika seli bali katika utu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 juu ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ilikataza kumnyanyapaa na kumbagua mtu kwa sababu ya virusi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Ulaya, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2016 na mwaka 2019, haukuona hata ambukizo moja kutoka kwa mwenzi ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubazwa kwa dawa. Kwa hivi mtu anayejua hali yake na kutumia dawa yake barabara ni mlinzi wa wengine kuliko jirani asiyetaka kupimwa na ambaye hujiona safi kwa sababu hajavuka mpaka wowote. Anayemwaibisha mgonjwa hata akaacha kliniki hajailinda jamii. Ameuondoa mlinzi mlangoni.

Mji wa mpakani hauwezi kuishi bila ya lango, wala hauwezi kuishi kwa lango lililofungwa. Mwili nao ni hivyo. Ubora wa mlinzi haupimwi kwa wingi wa wale aliowafukuza, bali kwa haki ya kuwapambanua waletao madhara na wasioyaleta. Kupambanua kwahitaji maarifa, na maarifa yahitaji subira. Chuki haihitaji hata kimoja katika hivyo, na kwa sababu hiyo ni rahisi, na kwa sababu hiyo hiyo si kinga.