Samaki Mchanga ni wa Nani?

Mvuvi wa mtumbwi mdogo huondoka Igombe kabla ya mapambazuko, peke yake, akiwa na kasia na mishipi yake. Tuseme amenasa sangara wa sentimeta 40. Sheria ya Tanzania hukataza kuvua sangara aliye chini ya sentimeta 50, kwa kuwa wengi wa urefu huo hawajazaa bado. Lakini ziwani hakuna afisa, na nyumbani watoto wanangoja kitoweo. Je, amrudishe majini?

Wengine husema, "Nikimwacha mimi, mwenye kokoro atamzoa kesho." Neno hilo lina uchungu wa kweli, maana kokoro huburura wachanga wengi kwa mara moja. Hata hivyo, kosa la jirani si ruhusa kwangu. Tena samaki wa ndoana mara nyingi angali hai mkononi. Mvuvi aweza kuchagua. Nasema amrudishe.

Nasi tunaonunua Mwaloni Kirumba tusijitoe. Tukikataa samaki wachanga, mvuvi maskini hatabeba mzigo huo peke yake. Samaki mchanga ni wa mtoto yule yule anayengoja kitoweo, siku atakaposhika kasia mwenyewe.