Je, Yafaa Kumpa Hifadhi Mwandishi Atafutwaye?

Ndugu yetu mmoja wa Garissa ametuletea suala. Mtu akiandika neno, akatishwa roho yake, akajificha, je, yafaa Muislamu kumfungulia mlango?

Twaanza na waliotutangulia. Sufyan al-Thawri alimnasihi Khalifa al-Mahdi kwa ukali, akaukataa na ukadhi, akatafutwa. Akafa Basra mwaka 161 Hijria angali mafichoni. Waliompa hifadhi hatujasikia mwanachuoni akiwalaumu.

Lakini muulizaji ni mtu wa Garissa, na kwao suala hili si la vitabuni. Novemba 1980 Bulla Karatasi ilichomwa moto. Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, wanaume walikusanywa na askari wa serikali, wakavuliwa nguo, wakanyimwa maji juani, wakauawa. Serikali ilikiri watu 57. Walionusurika wataja idadi kubwa mno kuliko hiyo. Jimbo lote lilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, na asemaye alihesabiwa adui. Aliyeokota majeruhi na kuipeleka habari nje ni Annalena Tonelli, mwanamke wa Kitaliano aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu, naye akalazimishwa kuondoka nchini mwaka 1985. Mnasara huyo (twaona haya kulisema) alitoa ushahidi wa damu za Waislamu, na sisi wa pwani, ambao maji ya Tana yapitayo Garissa hutufikia Kipini, tulinyamaza. Kitabu cha S. Abdi Sheikh juu ya msiba huo hakikutoka ila mwaka 2007.

Utaambiwa: hao walisema kweli; je, aandikaye upotofu? Twajua akusudiwaye ni Salman Rushdie, aliyeingia mafichoni mwaka 1989, akachomwa kisu Marekani mwaka 2022, akapoteza jicho. Kitabu chake twakichukia, wala hatukitaki majumbani mwetu. Lakini tukimwachia mwenye kisu aamue nani aseme, hatutakuwa na la kumwambia mwenye bunduki wa Wagalla, kwani naye alidai kulinda amani. Upotofu hujibiwa kwa kalamu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotaka kuwarudi wapotofu alianzisha gazeti la Al-Islah, Mombasa, mwaka 1932, hakutafuta kisu.

Basi ndugu wa Garissa, yafaa. Mfungulie, mlishe, na ukiona amekosea mwambie usoni, humo humo ndani ya nyumba yako.