Kiwete Mezani pa Mfalme

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Samweli 20:14–17, 2 Samweli 4:4, 9:1–13, 16:1–4, 19:24–30, Zekaria 3:1–5, Kutoka 20:2.

Fungu la kukariri: Warumi 5:8.

Sabato moja ya Meza ya Bwana nilikuwa mgeni katika kanisa moja la kijijini. Baada ya kutawadhana miguu washiriki walirudi ndani, isipokuwa mama mmoja aliyebaki kwenye benchi chini ya mwembe. Nilidhani anaumwa, nikamfuata.

“Hapana, mwalimu,” akasema. “Zaka ya miezi mitatu sijairudisha. Mtoto alilazwa. Nitakula nikishanyooka.”

Nikamwuliza, “Mama, nani alikwambia usile?”

“Si wewe mwenyewe, mwalimu, kwenye ile semina ya uwakili?”

Ni kweli. Nilikuwa nimesema maneno ya namna hiyo, na watu wakaitikia amina. Sikuwa na la kujitetea. Nilikaa benchini, tukafungua 2 Samweli 9.

Soma 2 Samweli 4:4 na 9:1–8. Mefiboshethi alikuwa na nini cha kumpa Daudi?

Alikuwa na umri wa miaka mitano habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika. Yaya wake alimbeba akakimbia, mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Angalieni jambo hilo: kilema chake hakikutokana na kosa lake. Aliangushwa na mtu aliyekuwa akijaribu kumwokoa. Wengi wetu tuna vilema vya namna hiyo, na makanisa yetu mara nyingine hutudai maelezo ya vilema ambavyo hatukujitia wenyewe.

Akakulia Lo-debari, katika nyumba ya Makiri mwana wa Amieli. Mjukuu wa mfalme aliyeondolewa alikuwa na sababu ya kujificha, kwa maana wafalme wapya wa siku hizo hawakuwa na desturi ya kuwaacha hai wazao wa waliowatangulia. Kwa hiyo alipoitwa aliogopa, akaanguka kifudifudi na kujifananisha na mbwa aliyekufa. Daudi hakubishana naye juu ya kustahili au kutostahili. Alimwambia asiogope, akataja jina la Yonathani.

Hapo ndipo penye kiini cha somo hili. Neno la Kiebrania linalotumika katika sura hii ni hesed, na Biblia yetu inalitafsiri kuwa wema au fadhili. Si huruma inayokuja kwa sababu mtu ameamka na moyo mzuri. Ni uaminifu kwa agano. Yonathani na Daudi walikuwa wameapiana miaka mingi kabla (1 Samweli 20:14–17), wakati Mefiboshethi hajafanya jema wala baya lolote. Alipokelewa kwa ajili ya mwingine. Ukimwuliza Mkristo kwa nini Mungu anampokea, akaanza kuhesabu miaka aliyoitunza Sabato, mrudishe katika sura hii.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Soma 2 Samweli 9:9–13 uone jembe lilikwenda kwa nani. Siba, pamoja na wanawe kumi na watano na watumishi ishirini, ndio waliopewa kulima. Mefiboshethi alipewa kiti mezani daima, kama mmoja wa wana wa mfalme. Na mwandishi anafunga sura kwa kutukumbusha kwamba bado alikuwa kiwete miguu yote miwili. Hakuponywa kwanza ndipo akakaribishwa.

Tulipofika hapo yule mama akauliza swali lililo bora kuliko yote niliyokuwa nimeyaandaa kwa Sabato ile: “Na akikosea akiwa tayari yuko mezani?”

Soma 2 Samweli 16:1–4 na 19:24–30. Siba alimfanyia nini bwana wake, na Daudi aliamuaje?

Daudi alipomkimbia Absalomu, Siba alimletea punda, mikate mia mbili, matunda na divai, akamchongea Mefiboshethi kwamba amebaki Yerusalemu akitazamia ufalme. Papo hapo Daudi akampa Siba mali yote bila kusikiliza upande wa pili. Mfalme aliporudi, akamkuta Mefiboshethi hajashughulikia miguu yake, ndevu zake wala mavazi yake tangu siku ile alipoondoka. Wapo wanaosema hatuwezi kujua ni yupi aliyesema kweli. Mimi naona mwandishi ametuonyesha, kwa kuwa habari ya ndevu na mavazi anaieleza yeye mwenyewe, wala haimo katika maneno ya Mefiboshethi. Hata hivyo Daudi aliamua shamba ligawanywe. Fadhili za mwanadamu zina kikomo. Zikichongewa, hupungua nusu.

Linganisha na Zekaria 3:1–5. Huko mshitaki hakuhitaji hata kusema uongo, maana mavazi ya Yoshua kuhani mkuu yalikuwa machafu kweli. Lakini anayekemewa ni Shetani, na Yoshua anavikwa mavazi mengine. Hilo ndilo jibu nililompa mama yule.

Je, basi tuache kutii? Paulo alikwisha kulijibu hilo katika Warumi 6, nasi tutalichukua juma lijalo. Kwa leo tazama Kutoka 20:2: Mungu anajitaja kwanza kuwa aliyewatoa Misri, ndipo anatoa amri. Hata Sabato inafundisha hivyo. Siku kamili ya kwanza ya Adamu ilikuwa ya pumziko, kabla hajashika jembe. Na Mefiboshethi, aliyeachwa na nusu ya shamba, alisema Siba na achukue yote, maadamu mfalme amerudi salama. Hakuna aliyemwagiza kusema hivyo. Alikuwa amekaa muda mrefu mezani pa mfalme hata akampenda kuliko shamba.

Mama aliingia ndani wakati mikate inagawanywa. Kuhusu zaka sikumwuliza tena.

Maswali ya kujadili:

1. Makiri wa Lo-debari anaonekana tena katika 2 Samweli 17:27–29. Unadhani ni nini kilichomfanya mtu aliyemficha mjukuu wa Sauli amhudumie Daudi jangwani?

2. Tunawezaje kufundisha uwakili, kiasi na utunzaji wa Sabato bila kumfanya mshiriki aone kwamba analipia kiti chake? Toeni mifano ya maneno tunayoyatumia mimbarini.

3. Katika kanisa lenu, ni nani huwa anabaki nje siku ya Meza ya Bwana? Je, kuna aliyewahi kwenda kukaa naye?