Faili Ngumu Iko Wapi Mezani Pako?

Masomo: Kutoka 18:13–26, Luka 18:1–8



Nimefanya kazi katika ofisi ya umma kwa miaka mingi, na miaka hiyo yote nilikuwa na jambo moja la kujivunia: sijawahi kula hongo. Hata hapa kanisani nimesimama mara kadhaa nikatoa ushuhuda huo. Leo nina ushuhuda mwingine, na huu si mtamu.

Wazee mnakumbuka ofisi za zamani. Unafika asubuhi, unakuta koti limetundikwa kwenye kiti, mwenye koti hayuko. "Ametoka kidogo, ngoja." Unangoja mpaka jioni. Ndiyo maana serikali ilipoanza kuleta kandarasi za utendakazi mwaka wa 2004, wengi wetu tulisema afadhali. Idara inaandika mapema kazi itakayofanya, kisha mwaka wa fedha ukiisha mwezi wa Juni inaulizwa imefanya ngapi. Na kusema kweli, mambo yalibadilika. Makoti yalipata wenyewe.

Lakini binadamu ni binadamu. Ukimwambia atapimwa kwa hesabu, ataitafuta hesabu. Kwetu kilichohesabiwa ni faili ngapi zimemalizwa kwa mwezi. Faili rahisi unaimaliza kwa nusu saa. Faili yenye shida, tuseme jina lililo kwenye hati ya shamba halilingani na la kitambulisho, inataka barua kwa ofisi nyingine, inataka kufuatiliwa, inaweza kula wiki nzima au zaidi. Na zote mbili zinahesabiwa moja moja. Hakuna mkubwa aliyeniambia niziache zile ngumu. Hakuna sheria niliyovunja. Nilianza tu na rahisi, ngumu nikaziweka chini. Kesho yake zikaja rahisi zingine. Za chini zikabaki chini.

Moja ya hizo ilikuwa ya mama mjane aliyetaka shamba la marehemu mumewe liandikwe jina lake. Kila akija nilimsalimia vizuri, nikamwambia, "Mama, bado tunaishughulikia. Jaribu wiki ijayo." Mwaka huo nilipewa barua ya pongezi.

Siku moja alinisubiri nje mpaka nikatoka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, nisamehe. Hii ni mara ya tisa nakuja. Mimi sina kitu ya kukupea. Ningekuwa nayo ningeshaleta."

Nilitaka kukasirika. Mimi? Hongo? Kisha nikakosa la kusema. Mla rushwa angemwambia arudi wiki ijayo, na mimi niliyeokoka nilimwambia arudi wiki ijayo. Nauli aliyolipa ni ile ile.

Usiku huo nilisoma Luka 18. Yule hakimu hakumcha Mungu wala hakujali mtu, lakini mwishowe alimpa mjane haki. Kwa nini? Kwa sababu mjane alimchosha. Hakimu alifanya lile lililompunguzia usumbufu. Nikajiona mle ndani. Yeye aliongozwa na raha yake, mimi niliongozwa na barua ya pongezi, na kwetu sote haki ya mjane ilingoja faida ya mtu mwingine.

Kisha nikasoma Kutoka 18. Musa hakuwa mla rushwa. Alikuwa mtu wa Mungu, anafanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni, na bado watu walisimama kwenye foleni siku nzima. Yethro hakumwambia aongeze maombi. Alimwambia kazi imepangwa vibaya. Akampa mpango: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Sasa angalia vizuri, mpendwa. Katika mpango ule, shauri dogo linaishia chini, na shauri gumu linapanda juu kwa Musa, kwa mwenye uwezo mkubwa zaidi. Kwangu shauri gumu lilikuwa linashuka. Na Yethro hakuishia kwenye mpango. Alisema wachaguliwe watu wanaomcha Mungu na kuchukia mapato ya dhuluma. Yote mawili yanahitajika, mpango mzuri na moyo safi.

Mtu atasema, "Ndugu, kosa ni la waliopanga hesabu." Ni kweli, na wao watajibu kwa sehemu yao. Lakini hesabu haikumwona yule mama. Mimi nilimwona, mara tisa. Mambo ambayo hesabu haikuyajua, mimi niliyajua. Ndiyo maana kaunta huwekwa mtu.

Faili yake nilipoishika kwa bidii ilichukua siku kumi na tisa. Halafu nilimwendea mkubwa wangu nikamwomba tuwe tunaandika pia faili iliyokaa zaidi ina siku ngapi. Alikubali tujaribu. Hesabu yetu ya mwezi ilishuka, tukaulizwa kwa nini. Barua ya pongezi sikupata tena, na wenzangu wawili bado wananinunia kwa sababu na wao hawakupata. Siwezi kuwadanganya kwamba ni rahisi.

Jambo hili si la ofisi yangu pekee. Mwalimu, ni mtoto gani unamsukuma pembeni ili wastani wa darasa usishuke? Ndugu unayesimamia zamu, ni mgonjwa gani anarukwa kwa sababu anachukua muda mrefu? Nasi kanisani tunahesabu waliookoka kwenye mkutano wa injili. Nani anamhesabu yule dada aliyeacha kuja tangu Machi?

Wiki hii, kabla ya kuanza kazi Jumatatu, tazama chini kabisa ya rundo lako. Chukua moja iliyokaa zaidi. Anza na hiyo.

Tuombe: Bwana, umewaona wanaosimama kwenye foleni zetu. Tusamehe kwa dhambi ambazo hazikuandikwa popote. Utupe macho ya kumwona mtu kabla ya hesabu, na ujasiri wa kupoteza sifa kwa ajili yake. Katika jina la Yesu. Amina.