Soko Lisilo na Dalali

Shemeji yangu ameishi Texas miaka 18, na sidhani kama kuna mahali amekwenda mara nyingi kuliko maonyesho ya bunduki, ukiondoa kazini. Kanisani inafuata kwa mbali. Nilipomtembelea viungani mwa Dallas, alinichukua Jumamosi asubuhi na mapema, na njia nzima akawa analalamika kwamba maonyesho yenyewe siku hizi hayana maana. Bei ni ileile ya dukani, ama juu zaidi. Kiingilio dola 15. Nusu ya meza hazina bunduki: ni nyama kavu, visu vya bei rahisi, fulana na bendera za siasa, mama mmoja na sabuni zake. Wazee waliokuwa wakileta bunduki za kale wamekufa ama wamehamia mtandaoni.

"Shem, ni kama uende Gikomba ukute mitumba inauzwa kwa bei ya maduka ya Westlands," aliniambia. "Sasa unaenda kufanya nini?"

Nikamuuliza, kwani sisi tunaenda kufanya nini? Akacheka, akaniashiria kasha la plastiki kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa na bastola ya kuuza.

Lake lilikuwa swali la mfuko: je, bado inafaa kwenda? Langu lilikuwa la aina nyingine, lile la mgeni anayejiona msafi: je, mtu mwenye dhamiri anafaa kukanyaga pale hata kidogo? Nilidhani ni maswali mawili yasiyojuana.

Kwa msomaji ambaye bunduki ameiona tu begani mwa askari wa benki, niseme kwanza pale pakoje. Ni ukumbi mkubwa, wa aina inayotumika wikendi nyingine kwa maonyesho ya mifugo ama harusi. Mlangoni askari anakuuliza kama umebeba silaha. Ukisema ndiyo anahakikisha haina risasi, kisha anapitisha kamba ya plastiki ndani yake isiweze kufyatuka. Unalipa, unagongwa muhuri wa wino mkononi, unaingia. Ndani ni meza, meza, meza. Watoto wako, wanakula bisi. Watu ni wapole ajabu. Kila ukimgonga mtu bega anakuomba msamaha yeye. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa, nikakosa cha kuogopa, na hilo lenyewe likanisumbua.

Wanaouza ni wa aina mbili, na ukitazama kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wapo wafanyabiashara wenye leseni ya serikali ya shirikisho. Sheria ya 1968 iliwabana wauze kwenye maduka yao tu. Ile ya 1986 ikawaruhusu kuuza pia kwenye maonyesho ndani ya jimbo lao, na hapo ndipo biashara hii ilipopanuka. Tangu Novemba 1998 mwenye leseni lazima akujazishe fomu kisha aulize FBI kama rekodi yako inakuruhusu kumiliki silaha, na mara nyingi jibu huja kwa dakika chache. Aina ya pili ni mtu binafsi anayeuza mali yake, kama shemeji. Huyo, katika Texas, hajazishi fomu wala hapigi simu. Sheria inamkataza tu kumuuzia mtu anayejua, ama mwenye sababu ya kuamini, kwamba haruhusiwi. Mengine yote ni juu ya macho yake.

Majimbo mengine yameziba mwanya huo. California imetaka mauzo ya watu binafsi yapitie kwa mwenye leseni tangu 1991, na baadaye ikapiga marufuku kabisa mauzo ya bunduki kwenye viwanja vya jimbo. Mwaka wa 2024 serikali ya shirikisho ilitoa kanuni ya kuwalazimisha wauzaji wengi zaidi kuchukua leseni. Jaji wa shirikisho aliye Texas akaizuia isitumike katika jimbo hilo.

Shemeji si mtu wa kubeba bendera. Anaendesha lori, ana uraia, na ukimuuliza kwa nini anahitaji bunduki atakurudisha Nairobi, Septemba 2013. Watu 67 waliuawa Westgate, na miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu walikuwemo raia wa kawaida wenye bastola za leseni. Ni kweli, na sina jibu la kuifuta. Nilimwambia tu kwamba wale raia walikuwa wamepitia utaratibu wa leseni, na polisi walijua majina yao na bastola zao. Akasema, "Hata mimi FBI wananijua." Ni kweli pia. Bastola ile aliinunua dukani kwa fomu. Suala ni anayeinunua kutoka kwake.

Kabla ya hapo, lakini, nataka kuitendea haki raha ya pale, maana wengi wanaoandika kuyapinga maonyesho haya hawaitaji kabisa. Katika kona moja palikuwa na mzee mwenye bunduki za Waingereza, za Lee-Enfield, amezilaza juu ya kitambaa cha kijani kama vyombo vya madhabahuni. Moja ilikuwa ile fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya vita vya msituni Asia mwishoni mwa Vita vya Pili. Kadi yake ilisema, pamoja na mengine, "Kenya, miaka ya 50". Nikamwambia nimetoka huko. Mzee akavuta kiti.

Tulizungumza karibu saa nzima. Alinionyesha alama za kiwanda na mahali mbao ilipobadilishwa. Mimi nilimweleza kuhusu wale waliokuwa upande wa pili wa mtutu ule, watu wa msituni waliojitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira ya matairi, silaha ambazo nyingine zilimdhuru mwenyewe kabla hazijamdhuru adui. Hakujua. Aliandika kwenye kijidaftari. Kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na Mzungu: kama ni vibaya yeye kuandika "Kenya" pale ili bei ipande. Nikasema sijui. Mpaka leo sijui. Lakini najua kwamba mazungumzo yale singeyapata kwenye tovuti ya mnada. Kama kiingilio ni dola 15 na yule mzee yupo, kiingilio ni halali. Shemeji anasema zamani ukumbi mzima ulikuwa wazee kama yule. Siku hiyo nilihesabu watatu.

Nilipomrudia shemeji nilimkuta anazungumza na kijana. Tuseme miaka 22, mpole, kofia kichwani, pesa tayari mkononi. Shemeji alikuwa ameandika dola 450 kwenye kadi na kuibandika juu ya kasha, na kijana hakuomba kupunguziwa hata dola moja. Kwa mtu aliyekulia soko lolote la kwetu, hiyo peke yake ni ishara. Kisha kijana akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hakuna makaratasi, sivyo?"

Kuna watu wengi wema wanaouliza hivyo. Wengine hawaiamini serikali, wengine wana haraka. Shemeji anawajua, amewauzia. Lakini alinitazama. Sikusema kitu. Naapa sikusema kitu. Akamgeukia kijana akamwambia twende kwa yule mwenye leseni pale, akuangalizie rekodi kwa ada ndogo, ada nitalipa mimi. Kijana akasema asante bwana, siku njema. Akaondoka bila hasira. Akasimama kwenye meza ya tatu kutoka hapo. Sikuona mwisho wake, maana watu walitukinga. Niliona tu mkono ukihesabu noti.

Hapo ndipo maswali yetu mawili yalipokutana. Wanaotetea maonyesho haya husema muuzaji ana macho, anamwona mtu ana kwa ana, anaweza kukataa, jambo ambalo kompyuta haiwezi. Nilikuwa nimeanza kuwaamini, kwa sababu ya yule mzee. Na shemeji alikataa kweli, kwa hiari yake, akaacha dola 450 ziende. Ni tendo jema. Halafu? Katika ukumbi wenye mamia ya meza, kukataa kwa mmoja ni usumbufu wa hatua chache. Dhamiri ya soko zima inapimwa kwa meza yake legevu kuliko zote.

Colorado waliijua habari hii kwa damu. Mwishoni mwa 1998 wavulana wawili wa miaka 17 walikwenda kwenye maonyesho ya bunduki pamoja na rafiki yao msichana wa miaka 18. Yeye ndiye aliyenunua bunduki tatu kutoka kwa watu binafsi, wavulana wakiwa papo hapo kando yake. Wauzaji walikuwa na macho. Tarehe 20 Aprili 1999 silaha hizo zilikuwa ndani ya shule ya Columbine, na wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa. Baadaye msichana yule alitoa ushahidi kwamba angetakiwa kukaguliwa rekodi asingezinunua. Kumbuka, rekodi yake haikuwa na doa, angefaulu ukaguzi. Ambacho kingemzuia ni kule tu kuulizwa, kuandika jina lake chini ya jambo lile. Mwaka uliofuata wapiga kura wa Colorado, karibu asilimia 70, waliamua kwamba hakuna bunduki itakayouzwa kwenye maonyesho bila ukaguzi.

Shemeji ana takwimu yake, na ni ya kweli. Wizara ya haki ya Marekani iliwahoji wafungwa mwaka wa 2016. Katika wale waliokuwa na bunduki walipotenda kosa, waliosema waliipata kwenye maonyesho hawakufika hata mmoja kwa mia. Wengi zaidi waliipata mitaani, kwa magendo. Kwa hiyo mtu anayedhani ukifunga kumbi hizi umemaliza mauaji ya Marekani anajidanganya. Tena matangazo ya mtandaoni kati ya watu wa jimbo moja yana mwanya uleule, bila hata mzee wa kukuonyesha alama za kiwanda. Ila wafungwa waliulizwa waliipata wapi wao, hawakuulizwa yule wa magendo aliipata wapi. Na bunduki, tofauti na bangi, haizaliwi gizani. Karibu kila moja ilianza maisha kihalali, ina nambari, ina fomu ya kwanza. Mahali fulani ilivuka mstari.

Wakati huo wote nilikuwa nawaza soko la mifugo la Garissa. Mnunuzi aliyetoka Nairobi hamjui mfugaji aliyetembea siku kadhaa na ng'ombe wake. Anayewaunganisha ni dalali, na watu wa nje hudhani kazi yake ni kupandisha bei tu. Kazi yake kubwa ni kujua: mtu huyu ni wa nani, ukoo gani, mnyama huyu alitoka wapi. Ng'ombe akitokea kuwa wa wizi, atakayesakwa kwanza ni dalali. Sasa sisi, kwa fahali mmoja, tunataka mtu wa kusimama katikati na kubeba lawama. Ndani ya ukumbi ule wenye mataa na viyoyozi, kwa bastola, hakuna aliyesimama katikati. Shemeji alijaribu kumleta dalali mwenye leseni, na soko likamcheka kwa adabu.

Na hapa lalamiko lake la bei linaanza kunitisha. Anasema maonyesho yameharibika kwa sababu kila kilicho pale unakipata kwingine kwa nafuu: bunduki mpya dukani, za kale kwenye minada ya mtandaoni, maarifa kwenye video. Haya, kama vyote hivyo vimehama, ni nini kimebaki ambacho mtu atalipa kiingilio na bado alipe 450 bila kubembeleza? Wazee wakizidi kuondoka, soko litazidi kuwa la wale waliokuja kwa sababu hakuna anayeuliza. Raha yao ndiyo iliyokuwa inakificha kitu hicho, labda hata wao wenyewe wasikione. Mimi nilijua kwamba mtu akienda kule analipa kiingilio na kuongeza umati, kwa hiyo ana sehemu yake. Sikujua kwamba anayeacha kwenda naye ana sehemu yake, hasa akiwa ni aina ya mtu ambaye angekataa.

Tuliondoka saa nane, bastola ikiwa bado kwenye kiti cha nyuma. Shemeji hakuzungumza mpaka tukaingia barabara kuu.

"Shem, usingekuja leo, ningeuza."

Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema hapana, ila ni njaa. Tukasimama tukala. Nilinawa mikono mara mbili na muhuri haukutoka. Akaniambia hiyo wino ni ya siku mbili, kwa sababu tiketi inakuruhusu kurudi Jumapili, kisha akaniuliza kama nitataka kurudi, maana yule mzee wa Enfield angekuwepo mpaka saa kumi, na yeye bastola bado anataka kuiuza.

Nikamwambia kama atakwenda, nitakwenda naye.