Aliye Chini ya Mto Ni Jirani Yetu



Mto unapofurika na kuchukua nyumba, shamba, au hata uhai wa mtu, neno linalosikika kwanza matangani ni hili: "Ni kazi ya Mungu." Neno hili hutoka katika imani, nasi hatuthubutu kumkemea mfiwa alitamkaye huku machozi yakimtoka. Lakini sisi tulio salama yafaa tulipime vizuri, maana ndani yake kweli na uongo hukaa pamoja.

Tuanze na kweli. Mvua ni ya Mungu. Bwana Wetu Yesu Kristo alifundisha kwamba Baba yake huwanyeshea wenye haki na wasio haki sawasawa. Hapa Tanga milima ya Usambara imesimama karibu na bahari mfano wa ukuta. Pepo zitokazo baharini huipanda, hupoa, na kuiangusha mvua yake. Maji hayo hayana safari ndefu ya kuteremka: Lushoto iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo, chini yake tu, haifiki mita 500. Tena kuna miaka ambapo Bahari ya Hindi upande wetu hupata joto kupita desturi, na mvua za vuli huzidi kipimo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, Tanganyika ilipopata Uhuru; ndivyo ilivyokuwa 1997; na ndivyo ilivyokuwa 2019, mafuriko ya mwezi wa Oktoba yalipoleta vifo katika mkoa wa Tanga na kukata barabara pande za Handeni na Korogwe.

Sasa tuutazame uongo. Mvua ni ya Mungu, lakini njia ya maji tumeitengeneza sisi. Msitu wenye majani yaliyooza chini yake hunywa maji ya mvua kama sifongo, kisha huyatoa polepole kwa chemchemi na vijito. Mlima uliofyekwa haunywi kitu. Tone hupiga udongo mtupu, udongo hugeuka tope, na maji ambayo yangeteremka kwa siku nyingi huteremka kwa saa chache. Tena hayaji peke yake. Huja na udongo wa shamba, nao hutua mtoni, ukakipandisha kitako cha mto mwaka hata mwaka. Mto usio na kina hauna budi kutoka kando. Hivyo mvua iliyopita salama wakati wa babu zetu leo huingia nyumbani mwa wajukuu.

Huenda mtu akasema: Je, hatuna mabwawa? Tunayo. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, huyapokea maji ya Kilimanjaro na Meru yanayoingia mto Pangani. Lakini mito ya Mkomazi na Luengera, iletayo maji ya Upare na Usambara, huingia Pangani chini ya bwawa hilo, karibu na Korogwe. Haizuiliwi nalo hata kidogo. Na bwawa la Mabayani, linaloupatia mji wa Tanga maji ya mto Zigi, hupungua nafasi kila tope la milima ya Amani linapoingia ndani yake. Aharibuye mlima humnywesha tope mtu wa mjini asiyemjua.

Na baada ya maji kupungua, taabu hazipungui. Mahindi na mpunga huwa vimeoza. Visima huwa vimechanganyika na vyoo, na kipindupindu hubisha hodi. Madimbwi huzaa mbu, na mbu huleta malaria. Watoto hukaa bila shule kwa kuwa daraja limekwenda. Nani aumiaye zaidi? Ni maskini, aliyejenga bondeni kwa sababu hakupata kiwanja mahali pengine.

Basi mtu asithubutu kusema kwamba waliozama waliadhibiwa kwa dhambi zao. Bwana Wetu alipoambiwa juu ya maafa ya siku zake, alikumbusha habari za watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Kisha aliwageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawaambia watubu wao. Neno hilo linatuhusu sisi.

Tutubu nini? Katika katekisimu tulifundishwa kwamba amri ya saba, usiibe, humkataza mtu kuharibu mali ya mwenziwe, na kwamba aliyeharibu hana budi kulipa. Tumezoea kumtafuta mwizi usiku, akiwa na gunia begani. Lakini alimaye mpaka ukingoni mwa mto, akaulegeza udongo, amekula shamba la mtu wa bondeni mchana kweupe. Achomaye mkaa katika msitu uliohifadhiwa anafanya vivyo hivyo. Nasi tulio mijini tusinawe mikono kama Pilato, maana mkaa huo umepikia chakula chetu. Na afisa apokeaye bahasha ili magogo yapite atajibu mbele ya Mungu kwa nyumba ambazo hakuziona zikibomoka. Hata moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri, unaolipasha joto anga na kuzidisha mvua kubwa, umo katika hesabu hiyo. Baba Mtakatifu Fransisko aliyaeleza hayo kwa ulimwengu wote katika barua yake Laudato Si' mwaka 2015.

Tunajua kwamba mkulima wa mlimani halimi mteremko kwa uovu. Ardhi ni kidogo, na watoto wanataka kula. Tunakumbuka pia kwamba serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo mwaka 1946, kisha ikaueneza Usambara. Watu walilazimishwa kulima matuta kwa amri na faini. Kazi ikawa nzito, hasa kwa akina mama. Chuki ikakua, na mpango ukavunjika kabla ya Uhuru. Wasambaa hawakuuchukia udongo wao, walichukia kutumikishwa. Fundisho ni hili: udongo hauokolewi kwa kiboko. Huokolewa na dhamiri ya mtu huru amjuaye jirani yake.

Leo hatuna bwana shauri wa kutusimamia, tunayo dhamiri. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkristo aitii hata pale ambapo hakuna mkaguzi. Mwenye shamba la mteremko achimbe makingamaji na kupanda majani ya ng'ombe kingoni mwake. Atapata maziwa na udongo atabaki nao. Jumuiya ndogo ndogo za mlimani zipande miti, na za mjini zichangie miche, iwe malipizi ya mkaa wao. Halmashauri ziwape wa bondeni viwanja vya juu kabla ya masika, wala si blanketi baada yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwanasheria mmoja alimwuliza Bwana Wetu: Jirani yangu ni nani? Akajibiwa kwa habari ya mtu aliyelala majeruhi kando ya njia, mbele ya macho ya wapitao. Jirani yetu sisi hatumwoni. Yuko chini ya mto, amelala usiku huu na watoto wake, akisikiliza mvua. Jumapili hii tujiulize kabla ya kuikaribia meza ya Bwana: maji yatakayomfikia yamepita wapi kwetu, nayo yamechukua nini?